Samaki Bila Kichwa

Mama Françoise alikigeuza kile kichapati cha samaki kwa ncha ya uma, akakiinamia na kukichungulia ndani, kama anavyouchungulia mkoba kwenye maduka ya Wachina kule Shiling kabla ya kumwambia mwenye duka kwamba uzi wake mbovu. Kisha akauweka uma mezani, taratibu, bila kuonja.

"Chadrack," alisema. Hakumtazama Kissa, ingawa Kissa alikuwa amesimama hapo hapo kando ya meza na bakuli la kachumbari mkononi. "Kichwa ya hii samaki iko wapi?"

Chadrack alikohoa. "Tantine, hiki chakula hakina kichwa. Ndivyo kinavyopikwa."

"Kila samaki iko na kichwa. Miye ninauliza imeenda wapi."

"Nilikiacha sokoni, Mama," Kissa akajibu kwa sauti ya upole. "Nilichukua minofu tu. Hakuna mwiba hata mmoja humo, kula bila wasiwasi."

Hapo ndipo yule mama alipomwinulia macho. Tangu aingie ndani ya nyumba ile hakuwa amemtazama vizuri. Sasa alimtazama kuanzia kitambaa cha kichwani hadi kandambili, akarudi juu tena.

"Ulikiacha kwa Muchina mwenye kuuza samaki."

"Ndiyo, Mama. Alikiomba."

"Muchina aliomba kichwa kwa sababu anajua utamu yake. Weye ukamupa. Halafu ukaniletea miye mabaki ndani ya mukate." Akakisukuma kile kisahani mbele kwa kidole kimoja. "Miiba nilijua kuitoa mbele weye uzaliwe, binti. Usinionee huruma ya miiba."

Kissa akaliweka bakuli mezani.

Jumapili ile walikuwa wametoka kanisani pamoja, wote watatu. Kissa alikuwa ameomba jambo moja tu, kwamba huyu mama akubali. Françoise, huyo Tantine, alikuwa shangazi yake Chadrack, dada wa baba yake. Yeye ndiye aliyemlea Chadrack kule Lubumbashi baada ya wazazi kufariki, ndiye aliyemfundisha biashara ya mikoba na kumleta Guangzhou kwa mara ya kwanza akiwa kijana asiyejua hata kuuliza bei. Safari hii alikuja kununua mzigo kama kawaida yake, lakini pia alikuja kumwona kwa macho yake huyo Mtanzania aliyemfanya mtoto wake amkatae Séphora, binti wa mchungaji wao. Akirudi nyumbani na kusema ndiyo, wazee wangefunga safari hadi Tukuyu, kwao Kissa, kuposa. Akisema hapana, hakuna mtu ambaye angenyanyua mguu. Na baba yake Kissa alishasema waziwazi kwenye simu: mwanamume atakayekuja peke yake, kama mti uliookotwa barabarani, yeye hampi binti. Kwa hiyo yote yalikuwa juu ya ile meza.

Na chakula chenyewe kilikuwa na hadithi yake.

Mwaka uliopita Chadrack alimpeleka Kissa kwenye mgahawa mmoja wa Kimeksiko, mgahawa mdogo wenye viti virefu na taa za rangi. Walikuwa hawajaambiana kitu wakati huo. Walikuwa wanajuana tu kama wafanyabiashara wanavyojuana, kusalimiana kwenye korido za maduka ya Zhanqian Road, kuazimana gundi ya kufungia maboksi. Kissa aliposoma jina la chakula kwenye karatasi ya vyakula, jina ambalo kwa Kiswahili husikika kama makalio, alicheka hadi machozi yakamtoka, akasema hicho kitu yeye hawezi kukitaja mbele ya mwanamume, aagize mwenyewe. Kikaletwa: mkate mwembamba wa mahindi umekunjwa, ndani samaki wa kukaanga, kabichi, pilipili, na sosi nyeupe juu. Chadrack akamwonyesha namna ya kukila. "Usikiinue. Kichwa chako ndicho kiende kwake, ukiinamishe ubavu." Kissa akainamisha kichwa, akauma, na maji ya ndimu yakamtiririka mkononi hadi kwenye kiwiko. Chadrack akachukua tishu, akamfuta. Alifuta polepole kuliko ilivyohitajika. Wakatazamana. Tangu siku ile hawakuazimana gundi tena, walikuwa wanatumia moja.

Baadaye Kissa akajifunza kukipika nyumbani. Mara ya kwanza alitumia unga wa ugali mtupu, mikate ikapasuka yote wakala kwa kijiko huku wakicheka. Mara ya pili akachanganya na unga wa ngano, akakanda kwa maji ya moto kama chapati, na hapo ikakubali. Wakakiita chapati za samaki, ili kuepuka aibu ya jina. Kila Jumapili Chadrack alikuwa akikata kabichi, Kissa akikaanga, na nyumba ikinukia ndimu hadi kwenye lifti.

Sasa nyumba ilinukia vilevile, na Mama Françoise alikuwa amejifunika pua kwa kitambaa.

"Miye nilipiga simu," alisema. "Nilipokuwa kule Shiling nilipiga simu, nikamuambia Chadrack: muambie huyo binti, Jumapili nataka bukari, ugali yetu, na samaki nzima. Kwetu, mukwe akikuja mara ya kwanza, samaki inawekwa mbele yake na kichwa yake, inamuangalia, anaiangalia. Njo pale tunaona mukono ya mwanamuke. Njo pale tunaona kama anatupokea ao anatufukuza." Akamgeukia Kissa. "Weye ulisikia hiyo yote, ukaamua kunipa chakula ya kusimama nayo barabarani. Bon. Nimeelewa."

Kissa alihisi damu ikipanda masikioni. "Mama, mimi sikuambiwa hayo."

"Hukuambiwa."

"Sikuambiwa. Wallahi... samahani. Mungu ni shahidi, sikuambiwa."

Mama Françoise hakubishana naye. Alimgeukia mpwa wake, akakunja mikono kifuani. "Chadrack. Ulimuambia, ao hukumuambia?"

Chadrack alikuwa ameketi mwisho wa meza, kichapati chake mkononi, kimeshaumwa nusu. Sosi ilikuwa inadondoka kwenye sahani. Kissa alimtazama. Alimtazama kwa macho yale yale aliyomtazamia siku ya ndimu, akisubiri. Chadrack ndiye aliyekuja na wazo. Yeye ndiye aliyesema Ijumaa, amemkumbatia kwa nyuma pale jikoni, kidevu begani: mpikie Tantine chapati za samaki, chérie, aonje kitu kilichotukutanisha.

"Nilimwambia, Tantine," Chadrack akasema, akiitazama sahani.

Nje, chini kabisa, pikipiki ya umeme ilikuwa inapiga honi.

"Naona," akasema Mama Françoise. "Binti, iko na maji ya kunywa, ao na maji pia uliachia Muchina?"

Kissa akaingia jikoni. Chadrack akamfuata, akaurudishia mlango nyuma yake.

Jiko lenyewe lilikuwa dogo, watu wawili hawakuweza kusimama bila kugusana. Siku nyingine hilo lilikuwa jambo la kufurahia. Leo Kissa alijibana kwenye sinki asimguse.

"Unasemaje, Chadrack?" Alinong'ona, lakini mnong'ono wake ulikuwa na meno. "Uliniambia nini wewe? Uliniambia lini?"

"Punguza sauti."

"Niipunguze wapi tena? Imebaki pumzi tu hii."

"Kissa, nisikilize. Ukimwambia hapana Tantine, kwa uso, yeye anafunga moyo. Hafungui tena. Mimi nimelelewa na yule mama, namjua. Acha leo ipite. Nitamweleza mimi, pole pole, kwa simu, akishafika nyumbani."

"Akishafika nyumbani na kusema mimi nimemfukuza kwa chakula. Akishamleta Séphora akae kwenye kiti changu."

Chadrack akajifuta uso kwa kiganja. "Unajua kwa nini sikukuambia habari ya samaki mzima?"

"Sijui. Niambie, maana najifunza mengi leo."

"Kwa sababu samaki mzima angekulinganisha. Séphora anapika samaki mzima tangu ana miaka kumi, mbele ya Tantine, kwa sufuria ya Tantine. Ungepika vizuri namna gani, angesema chumvi, angesema mafuta, angesema wa Séphora. Nikasema, nimletee kitu ambacho hajawahi kuona. Weye ni mfanyabiashara, Kissa. Mali isiyokuwa na mwenzake sokoni, nani atakuambia bei yake?"

Kissa alimtazama kwa muda. Uso wake ulikuwa karibu, na ile harufu ya sabuni anayoipenda ilikuwa inamjia, na moyo wake, mpumbavu yule, ulitaka kumsamehe hapo hapo. Mawazo ya Chadrack hayakuwa mabaya. Alitaka kumkinga kabla ya mtu mwingine kumpimia bei. Lakini Kissa alitikisa kichwa.

"Hilo la kunificha ningelimeza," alisema. "Ulinipenda ukakosea njia, watu hukosea. Lakini pale mezani hukukosea. Pale uliulizwa swali, ukanitazama... hapana, hata kunitazama hukunitazama. Ukaniuza."

"Sikukuuza."

"Uliniuza, tena bei ya kutupa. Toka ukamwambie."

"Akishaondoka."

"Sasa hivi, Chadi."

"Nimesema akishaondoka," naye akapandisha sauti, kisha akauma mdomo.

Kissa akafungua aproni, akaikunja mara mbili na kuiweka juu ya friji. Akapita sebuleni bila kusema neno, akachukua mkoba wake, akafungua mlango na kutoka.

Ukiwa umefanya biashara ile miaka mingi, kuna mwendo unaujua hata usingizini. Mnunuzi akikataliwa bei hutoka dukani. Hakimbii. Hutoka kwa hatua za kuitwa, mgongo umenyooka, kama mtu ambaye ameona duka lingine mbele. Laoban, mwenye duka, akiitaka pesa yake humwita kabla hajafika kona: rafiki, rudi, tuongee. Kissa alikuwa hodari wa mwendo ule. Akina mama wengine wa Zhanqian Road walikuwa wakimwomba awatokee dukani kwa niaba yao. Na Mungu anajua hakukusudia, lakini ndio mwendo aliotoka nao nyumbani kwa Chadrack. Aliacha mlango wazi kidogo. Akafika kwenye lifti, akabonyeza kitufe, akasubiri kusikia jina lake.

Lifti ikaja. Ikafunguka, ikajifunga, ikaenda bila yeye.

Ndipo akasikia sauti ya Mama Françoise ikitoka kupitia ule mlango, sauti ya mtu anayefundisha. "Kaa chini. Usimuite. Muntu anayetoka pole pole hivi, anataka kuitwa. Ukimuita, bei inapanda maisha yako yote. Muache, atarudi mwenyewe."

Na Chadrack, mfanyabiashara mwanafunzi wa mfanyabiashara, akakaa chini. Kissa alikisikia kiti kikilia.

Machozi yalimjaa akayazuia. Alijiona ghafla jinsi alivyo: mwanamke mtu mzima, amesimama kwenye korido ya watu, anapandisha bei ya mapenzi kama boksi la magauni. Na yule ndani naye anashusha. Wote wawili wanajua mchezo, wote wawili wanaweza kusimama hivyo hadi wazeeke. Akaona wazi kwamba akiingia lifti ijayo, hakuna atakayepiga simu. Yeye hatapiga kwa sababu ametoka. Yeye Chadrack hatapiga kwa sababu amefundishwa. Na habari itaishia hapo, kwa kiburi cha sokoni.

Akageuka, akarudi.

Alipoingia, Mama Françoise alikuwa anatabasamu nusu, tabasamu la mtu aliyeshinda. "Nilikuambia," alimwambia Chadrack.

"Kweli nimerudi, Mama," Kissa akasema. "Sikuitwa na nimerudi. Sina bei ya kupandisha. Nimekuja kuuliza swali moja mbele yako, halafu utasema utakalo." Akasimama mbele ya Chadrack. "Nani aliyetaka chakula hiki kipikwe leo?"

Chadrack akanyanyua macho kwa shangazi yake. Akaanza kusema kwa Kifaransa, haraka haraka, mikono ikicheza. Mama Françoise akamjibu kwa Kifaransa vilevile, maneno mafupi ya kukata. Jina la Séphora likapita mara kadhaa. Kissa akasubiri hadi wakavuta pumzi.

"Kwa Kiswahili," alisema.

"Kissa..."

"Ulinisingizia kwa Kiswahili. Mama kaniita mfukuza wageni kwa Kiswahili. Mnanisafisha kwa lugha nisiyoijua ili iweje? Sema kwa Kiswahili, na sote tusikie."

"Binti, heshima," Mama Françoise akaonya.

"Heshima ninayo, Mama. Ndiyo maana bado nimesimama."

Chadrack akasimama naye. Alikuwa mrefu, lakini alisimama kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Akamtazama Kissa, na safari hii hakuyakwepesha macho.

"Ni miye," alisema. "Tantine, ni miye njo nilimuomba apike hivi. Ulinipigia simu, sikumuambia. Samaki nzima, bukari, hakujua kitu. Nilikudanganya pale mezani kwa sababu nilikuogopa. Yeye hakukosa. Miye njo nilikosa."

Mama Françoise alikunja kitambaa chake, akakirudisha kwenye mkoba, akaubana mkoba.

"Miye nilikulea," alisema mwishoni, kwa sauti ya chini ambayo ilitisha kuliko ile ya kwanza. "Nilikutoa makamasi. Haukuwahi kunidanganya, hata siku ya kuvunja dirisha ya kanisa. Leo unanidanganya, tena mbele ya muntu wa inje."

"Si muntu wa nje, Tantine. Ni mwanamuke wangu."

"Bado. Mwanamuke yako ni ule famille imekwenda kuomba. Na hiyo famille ni miye." Akainuka. Kiti kikaburuzwa. "Mutaoana namna gani, nitaona. Taxi yangu iko chini."

Chadrack akakimbilia viatu vyake. "Nakusindikiza."

"Usiniguse."

Akabaki na kiatu kimoja mkononi, hajui akivae au akiweke. Kissa akamtazama mwanamume wake. Alikuwa amesema kweli, lakini aliisema imechelewa, baada ya kusukumwa. Hasira ilikuwa bado ipo, yote, haijapungua hata punje. Lakini chini ya hasira ile aliona kitu kingine: alikuwa na njaa ya kuishi na mtu huyu, na njaa hiyo haikuondoka na yeye alipotoka, wala haikurudi naye aliporudi. Ilikuwa imekaa hapo hapo muda wote.

"Vua hicho kiatu," alimwambia. "Osha vyombo. Sufuria ya mafuta usiimwage kwenye sinki. Mimi na wewe tutaongea, na hutalala umenyamaza leo."

"Unaenda wapi?"

"Kumsindikiza mgeni."

Mama Françoise alikuwa ameshafika kwenye lifti. Aliposikia kandambili nyuma yake hakugeuka. Kissa akasimama ubavuni kwake, akanyoosha mkono kuupokea mkoba, kama mtoto wa kike anavyofundishwa. Yule mama akauvuta upande wa pili.

Lifti ikaja. Wakaingia. Namba zikawa zinashuka.

"Unanisindikiza kama nani?" Mama Françoise akauliza, akiutazama mlango.

"Kama mwenye nyumba, Mama."

"Ile nyumba ni ya Chadrack."

"Ndiyo. Na mgeni amekula kwangu."

"Sikukula."

"Amekaa njaa kwangu, basi. Hilo ndilo baya zaidi, siwezi kumwacha ashuke peke yake."

Mama Françoise akasonya, sonyo refu la kwao Katanga lililotoka ghorofa ya tisa na kuishia ya nne. "Iko na mdomo," akasema, kama anamwambia mtu mwingine. "Séphora haina mdomo."

"Pole yake."

"Sijasema ndiyo."

"Nimesikia, Mama."

"Na sitasema."

"Hilo pia nimelisikia."

Mlango ukafunguka. Njia ya kwenda getini ilikuwa na maboksi yaliyopangwa pande zote, ya watu wanaofunga mizigo, na mtu alilazimika kupita kwa ubavu. Mama Françoise akajikwaa kwenye utepe wa boksi moja. Kissa akaudaka mkanda mmoja wa mkoba wake ili asianguke. Yule mama akasimama imara, akauvuta mkoba wake. Kissa hakuachia. Mama akavuta tena.

"Achia."

"Nitauachia ukifika kwenye gari, Mama."

"Nimesema achia, weye mutoto."

"Nami nimesema kwenye gari."

Watu waliokuwa wanafunga maboksi wakanyanyua vichwa. Mama Françoise aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akamkata Kissa jicho moja kali. Kisha akaanza kutembea, mkanda mmoja mkononi mwake na mwingine mkononi mwa Kissa, mkoba ukining'inia katikati yao. Walitembea hivyo hadi getini, kila mmoja anavuta kwake, na hakuna aliyeachia.